Oksaidi ya zinki iling'aa usiku mmoja tu, kisha ikawa mashapo: nimekosea wapi?

Mwanafunzi_Ngara

Hamjambo nyote. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya kemia hapa Nairobi, na mradi wangu unahusu kutengeneza chembe nano (chembe za nanomita chache tu) za nusukipitishi, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi, na kuzitumia katika kifaa kidogo kinachohisi mwanga. Maabara ninayofanyia kazi haina sanduku la kufanyia kazi pasipo hewa, na gesi ya argoni huja kwa nadra. Nilicho nacho ni kabati la kufyonza hewa chafu, mizani, jiko lenye kikorogeo cha sumaku, mashine ya kuzungusha mirija kwa kasi, na spektromita (kipimo cha mwanga kwa kila urefu wa wimbi) ambayo napangiwa saa mbili tu kwa wiki. Kwa sababu hiyo nilichagua oksaidi ya zinki, ambayo nilisoma kwamba inaweza kutengenezwa katika ethanoli bila halijoto kubwa.

Niliyeyusha gramu 1.10 za asetati ya zinki katika mililita 50 za ethanoli ya moto, nikaipoza kwenye barafu, kisha nikaitilia tone kwa tone mililita nyingine 50 za ethanoli ambamo nilikuwa nimeyeyusha gramu 0.28 za haidroksaidi ya sodiamu. Ethanoli ilikuwa ile ya asilimia 96 inayokuja kwa madumu, ambayo maabara hutumia kwa kazi zote. Kioevu kilitoka angavu kama maji. Nilikimulika kwa tochi ya kuchunguzia noti bandia niliyoinunua Luthuli Avenue, ambayo imeandikwa nanomita 395, na hakikutoa mwanga wowote. Nilikipeleka chini ya taa ya maabara ya nanomita 365, na huko pia hakikung'aa. Niliifunga chupa, nikaiacha mezani, nikaenda nyumbani nikidhani nimeshindwa.

Kesho yake jioni, wenzangu walipokuwa wameondoka, nilizima taa za chumba nikajaribu tena ile taa ya 365, na chupa nzima ikawaka rangi ya manjano inayoelekea kijani, kama ganda la ndimu linaloanza kuiva. Nilikaa gizani nikiitazama kwa dakika nyingi. Siku ya tatu asubuhi nilikuta ukungu mweupe ndani ya chupa. Ilipofika jioni mashapo yalikuwa yametulia chini kama chokaa, na kioevu cha juu hakikuwa na mwanga tena.

Ninaomba kuelewa mambo haya kabla ya kurudia. Kwa nini chembe zilianza kung'aa siku ya pili na si siku ya kwanza, na kwa nini zilikufa siku ya tatu? Nilifundishwa kwamba chembe ndogo hutoa mwanga wa buluu na kubwa hutoa mwekundu. Je, manjano yangu yanamaanisha kwamba zilikuwa za ukubwa wa kati? Tena mwenzangu mmoja ananishauri niachane na zinki, nitumie selenidi ya kadimiamu kama watu wengine. Ninashukuru mapema.

Mwalimu_wa_Kemia

Mwanafunzi wetu, pole kwa mashapo, na hongera kwa kuandika kipimo cha kila kitu, maana bila vipimo hivyo tungekuwa tunabahatisha. Kwa maoni yangu adui yako mkubwa ni maji, na tunaweza kumhesabu.

Asetati ya zinki uliyoipima ni takriban milimoli 5 (milimoli ni kipimo cha idadi ya atomi au molekuli). Ethanoli yako yote ni mililita 100, na asilimia 4 yake ni maji, yaani mililita 4, ambazo ni takriban milimoli 220. Kwa hiyo kila atomi moja ya zinki ilizungukwa na molekuli 44 hivi za maji kabla hujaanza kazi. Linganisha na maji yaliyofungwa ndani ya fuwele za asetati yenyewe, ambayo ni milimoli 10 tu. Maji kidogo yanahitajika ili mmenyuko uende, lakini yakizidi huharakisha ukuaji wa chembe na kuziondolea asetati iliyozikinga. Haidroksaidi ya sodiamu nayo iliongeza tatizo. Vidonge vyake vikikaa kwenye mizani hata kwa dakika chache, utaviona vinaanza kunata na kumetameta, kwa sababu vinavuta unyevu wa hewa, na papo hapo vinavuta kaboni dioksaidi na kujigeuza kaboneti.

Sasa fikiria kilichotokea ndani ya chupa. Chembe ya oksaidi ya zinki yenye kipenyo cha nanomita 3 ina takriban jozi 600 tu za zinki na oksijeni. Chembe ya nanomita 5 ina jozi zipatazo 2,700. Ikiwa malighafi ilikuwa imekwisha kutumika usiku ule wa kwanza, basi chembe moja haikuweza kufikia nanomita 5 bila nyingine zaidi ya tatu kuyeyuka na kuilisha. Huo ndio mwendo ambao wanakemia huuita ukomavu wa Ostwald: ndogo huyeyuka kwa urahisi kuliko kubwa, na kilichoyeyuka huenda kujishikiza kwenye kubwa. Chembe zako zilikuwa zikilana usiku kucha ilhali wewe umelala. Baadaye, asetati iliyokuwa imezivika ikapungua, zikakaribiana, zikashikana, zikawa nzito, zikazama.

Ushauri wangu ni kwamba urudie kwa ethanoli iliyokaushwa. Chekecheo za molekuli za angstromu 3, yaani punje zenye vitundu vidogo vinavyonasa maji, zikipashwa moto kwa nyuzi 250 hadi 300 kwa saa kadhaa, zikapoa pasipo kuguswa na hewa yenye unyevu, kisha zikawekwa ndani ya ethanoli kwa siku moja au mbili, zitafanya kazi nzuri. Ukikosa chekecheo, chemsha ethanoli pamoja na chokaa mbichi kwenye chombo chenye kipozeo, kisha uikeneke. Njia hiyo ni ya zamani na haijapitwa na wakati. Badala ya sodiamu tumia haidroksaidi ya lithiamu yenye maji ya fuwele, gramu 0.29, iliyoyeyushwa kwa kutikiswa kwenye beseni la mawimbi ya sauti. Usistaajabu asetati inapopoa ikitoa unga mweupe ndani ya ethanoli. Utayeyuka tena kadiri unavyotia haidroksaidi. Vyombo vyote viwili viwe kwenye barafu wakati wa kuchanganya.

Ukishapata kioevu angavu, usikiache na takataka zake. Kitilie heksani hadi kigeuke maziwa, kizungushe kwenye mashine, mwaga kilicho juu, kisha uzitawanye chembe upya katika ethanoli kavu. Fanya hivyo mara moja au mbili, si zaidi, kwa maana kila unapoziosha unaondoa chumvi ya lithiamu lakini pia unazivua asetati, na chembe iliyovuliwa kabisa haitawanyiki tena. Hifadhi kwenye jokofu.

Kwa yale mashapo uliyo nayo, dondoshea siki nyeupe kidogo. Yakitoa viputo, sehemu yake ni kaboneti, na utajua haidroksaidi yako ilikuwa imechakaa. Oksaidi ya zinki yenyewe huyeyuka kimyakimya.

Mpima_Mwanga

Mwalimu ameeleza ukuaji, nami ninaomba kueleza mwanga, maana yaliyoonekana chini ya tochi yanathibitisha maneno yake.

Tugawe 1,240 kwa urefu wa wimbi katika nanomita ili tupate nishati katika elektroni-volti. Tochi ya noti ya 395 inatoa fotoni, yaani chembe za mwanga, za takriban 3.14. Taa ya 365 inatoa za 3.40. Pengo la nishati, yaani nishati ambayo elektroni inahitaji ili iruke na kuacha tundu nyuma yake, katika donge kubwa la oksaidi ya zinki ni takriban 3.37, na katika chembe ya nanomita 3 au zaidi kidogo linapanda kupita 3.6, kwa sababu elektroni na tundu zimebanwa mahali padogo kuliko zinavyopenda. Kwa hiyo siku ya kwanza hata taa ya 365 haikuwa na nguvu ya kuzisukuma elektroni zivuke pengo. Mwanga ulipita kama unavyopita kwenye dirisha. Kufikia siku ya pili chembe zilikuwa zimekua, pengo limeshuka karibu na 3.4, na taa ile ile ikaanza kufyonzwa. Tochi ya 395 haitaziwasha kamwe, ziwe ndogo au kubwa. Mwanafunzi, hukushindwa siku ya kwanza: ulikuwa na chembe nzuri na taa isiyofaa. Tafuta taa ya nanomita 254, ile inayotumiwa kuchunguza mabamba ya kromatografia, nawe uvae miwani na glavu, maana miale hiyo huunguza macho na ngozi.

Kuhusu rangi, hapa ndipo wengi hupotea. Kanuni ya kwamba ndogo ni buluu na kubwa ni nyekundu ni ya kweli kwa selenidi ya kadimiamu, ambayo pengo lake katika donge ni 1.74, yaani mwanga mwekundu sana wa karibu nanomita 713. Ukilibana hadi kipenyo cha nanomita 2 unapata buluu, na kwa nanomita 6 unapata nyekundu. Upinde wote wa mvua umo katikati. Katika oksaidi ya zinki pengo linaanzia kwenye urujuanimno na kuzidi kupanda, kwa hiyo ubanaji hauwezi kamwe kukupa manjano. Manjano yako yalitoka kwenye kasoro. Elektroni iliyorushwa juu haikurudi moja kwa moja. Ilinaswa, au tundu lake lilinaswa, mahali penye hitilafu katika fuwele, na kwa kawaida hitilafu hizo huhusishwa na nafasi za oksijeni zilizo wazi karibu na uso. Mwanga wa nanomita 540 una nishati ya 2.3 tu, iliyobaki ilipotea njiani kama joto. Rangi hiyo husogea kidogo kuelekea manjano kadiri chembe zinavyokua, lakini chanzo chake ni uso.

Jambo hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote: ukubwa hupanga pengo, lakini uso ndio unaoamua elektroni itaishia wapi. Chembe ndogo namna hii ina sehemu kubwa ya atomi zake usoni. Ndiyo maana selenidi ya kadimiamu iliyo uchi hung'aa hafifu, na mwaka 1996 ilipovikwa ganda la salfaidi ya zinki, mavuno ya mwanga yalifika takriban asilimia 50 katika halijoto ya chumba. Kiini hakikubadilishwa, kilichobadilishwa ni vazi.

Kwa zile saa mbili za spektromita, usizitumie kupima mwanga unaotoka kabla ya kupima unaofyonzwa. Chukua kipimo cha ufyonzaji kila baada ya dakika 20, utauona ukingo ukihama kutoka karibu nanomita 340 kuelekea 360. Picha hiyo moja itakueleza zaidi kuliko taa yoyote.

Kijana_wa_Kwanta

Mimi ninadhani yule mwenzake Mwanafunzi aliyemtajia selenidi ya kadimiamu amemshauri vyema, na ninasema hivi kwa heshima kwa Mwalimu. Kila anayetaka kuielewa fani hii anapaswa kuona kwa macho yake mmenyuko mmoja ukipita kutoka manjano hadi machungwa hadi nyekundu ndani ya dakika chache, na hilo linapatikana kwa selenidi ya kadimiamu. Historia yenyewe imepita humo. Alexei Ekimov aliona athari ya ukubwa katika kloridi ya shaba ndani ya kioo mwaka 1981, Louis Brus akaiona katika salfaidi ya kadimiamu ndani ya kioevu mwaka 1983, na Moungi Bawendi pamoja na wenzake mwaka 1993 wakatoa njia ya kuingiza malighafi baridi kwa sindano katika kiyeyushi cha moto wa nyuzi 300 hivi. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023.

Uzuri wa njia ile ya sindano uko katika wakati. Malighafi ikiingia yote kwa mara moja, viini huzaliwa kwa mkupuo, halijoto hushuka kidogo, uzazi hukoma, na kinachobaki ni kukua tu. Ni kama mahindi: yakipandwa siku moja baada ya mvua kushika, shamba lote hupanda kwa kimo kimoja, lakini ukipanda wiki hii kidogo na wiki ijayo kidogo, hutapata mistari miwili inayolingana. Oksaidi ya zinki kwenye barafu, tone kwa tone, ni shamba la namna hiyo ya pili. Tena siku hizi hakuna anayelazimika kutumia dimethili ya kadimiamu inayowaka hewani. Tangu mwaka 2001 watu wamekuwa wakitumia oksaidi ya kadimiamu, ambayo huyeyushwa na asidi za mafuta.

Mwalimu_wa_Kemia

Ndugu Kijana, historia umeieleza sawasawa, na mfano wa mahindi nitauazima darasani. Lakini siwezi kumshauri mwanafunzi ambaye hana argoni ya kutegemewa apashe oksaidi ya kadimiamu na mafuta hadi nyuzi 300. Kadimiamu hujikusanya kwenye figo na hukaa humo kwa miaka mingi, na mabaki yake hayamwagwi kwenye sinki. Yanakusanywa kwenye chombo chenye lebo na kukabidhiwa mbebaji wa taka hatari mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Nimewahi kukuta, katika maabara ambayo sitaitaja, chupa tatu za mabaki hayo nyuma ya kabati, bila jina wala tarehe, na haikujulikana aliyeziacha alihitimu mwaka gani. Tangu siku hiyo huwa ninamuuliza kila mwanafunzi kwanza: taka yako itakwenda wapi? Akikosa jibu, hatuanzi.

Soko nalo limebadilika. Televisheni nyingi zenye nukta za kwanta, yaani chembe nano za namna hizi, hutumia LED za buluu za karibu nanomita 450, na filamu yenye nukta hizo hugeuza sehemu ya buluu kuwa kijani na nyekundu. Ulaya imeweka kikomo cha asilimia 0.01 ya kadimiamu kwa uzito katika vifaa vya umeme, na hiyo ni sababu kubwa iliyowasukuma watengenezaji kuelekea fosfaidi ya indiamu. Rangi yake si nyembamba, yaani si safi, kama ya kadimiamu, na uso wake huoksidika haraka hadi uvikwe selenidi ya zinki na salfaidi ya zinki, lakini inauzika.

Mwanafunzi akitaka hatua ya pili baada ya zinki, ninampendekezea salfaidi ya shaba na indiamu iliyovikwa salfaidi ya zinki. Inaweza kutengenezwa ndani ya maji kwa glutathioni (molekuli ndogo ya kibiolojia) kama kinga, na haina risasi wala kadimiamu. Mwanga wake ni mpana, unaweza kufika upana wa nanomita 100, kwa hiyo hautengenezi skrini nzuri, ila unafaa kwa vioo vya kukusanya mwanga wa jua kwa sababu unatoka mbali na pale unapofyonzwa. Akiijaribu akumbuke jambo ambalo maelekezo kutoka ng'ambo hayalisemi: hapa Nairobi tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwa nyuzi 94 au 95 badala ya 100. Maelekezo yakisema chemsha kwa nyuzi 100 kwa saa moja, ya kwetu yatakuwa nyuma kwa nyuzi tano na ukuaji utachelewa. Usifuate saa ya mtu aliye pwani. Fuata spektromita yako. Hata ethanoli yako ilichemka kwa takriban nyuzi 73, si 78.

Kijana_wa_Kwanta

Nimekubali kuhusu taka, Mwalimu. Ninasimama na hoja yangu juu ya uzuri wa mmenyuko, lakini si kwa maabara aliyoieleza.

Fundi_wa_Kirinyaga_Road

Mimi si mwanakemia. Ninatengeneza vifaa vya elektroniki, na nimefurahi kuona mtu anataka kufikisha kazi yake kwenye kifaa. Zile LDR (vikinzani vinavyohisi mwanga) tunazouza hapa mjini, zenye mchirizi mwekundu unaojipinda kama nyoka, kazi yake hufanywa na salfaidi ya kadimiamu. Oksaidi ya zinki inaweza kufanya jambo hilo hilo kwa urujuanimno peke yake, bila kusumbuliwa na taa za chumba.

Chukua kipande cha kioo cha darubini, kioshe kwa sabuni, maji na ethanoli. Kaza waya mwembamba wa shaba katikati ya kioo, mmoja wa zile za ndani ya waya laini, upake gundi ya fedha pande zote mbili, kisha uuondoe waya kabla gundi haijakauka kabisa. Utabaki na nafasi ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita kati ya elektrodi mbili. Hakikisha kwa multimita kwamba hazigusani. Dondosha kioevu cha chembe juu ya nafasi hiyo, kiache kikauke, rudia mara tatu au nne, kisha upashe kioo juu ya jiko kwa nyuzi 200, iwapo gundi yako inastahimili. Bila kupasha, asetati na alkoholi zilizobaki huziweka chembe mbalimbali na umeme haupiti.

Ukinzani utakuwa mkubwa kupita uwezo wa multimita nyingi, kwa hiyo usiupime kwa omu. Unganisha betri ya volti 9, kioo chako, na multimita ikiwa upande wa volti, vyote kwa msururu. Multimita nzuri ina ukinzani wa ndani wa megaomu 10, kwa hiyo kila volti 1 inayoonekana ni mkondo wa maikroampea 0.1. Zile za bei nafuu mara nyingi huwa na megaomu 1, na hapo volti 1 ni maikroampea 1. Soma kijitabu chake kabla ya kuandika namba kwenye ripoti.

Mwanafunzi_Ngara

Nimerudi baada ya wiki tano, na ninawashukuru nyote kwa dhati. Mashapo ya zamani yalitoa viputo vya siki, hafifu lakini vya wazi, hivyo haidroksaidi yangu ilikuwa na kaboneti. Nilikausha ethanoli kwa chekecheo, nikanunua haidroksaidi ya lithiamu, nikafuata maelekezo ya Mwalimu hatua kwa hatua. Chini ya taa ya 254 kioevu kiling'aa papo hapo, kikiwa bado kwenye barafu. Ukingo wa ufyonzaji ulikuwa nanomita 338 mwanzoni, na siku ya kumi na mbili, kwenye jokofu, ulikuwa 345. Hakuna mashapo hadi leo.

Kioo cha Fundi nacho kimefanya kazi. Gizani multimita, ambayo ni ya megaomu 10, ilionyesha volti 0.02, chini ya taa ya 365 namba zilianza kupanda polepole hadi 1.3. Nilitazamia kwamba chembe hazitaifyonza taa hiyo, lakini nadhani kupashwa moto kumezikuza. Kinachonisumbua ni kurudi. Nikizima taa, namba huchukua karibu dakika nne kushuka, na juzi mvua iliponyesha na hewa ikawa na unyevu, zilishuka haraka zaidi. Je, kifaa changu ni kibovu?

Mpima_Mwanga

Si kibovu, na kuhusu kukua kwa chembe juu ya jiko umekisia vyema. Huko kuchelewa ni uso unaojieleza tena. Gizani molekuli za oksijeni ya hewa hujishikiza kwenye chembe, kila moja ikichukua elektroni, na hivyo kuacha chembe ikiwa na elektroni chache za kupitisha mkondo. Mwanga unapoingia, tundu hukimbilia usoni na kumnyang'anya oksijeni yule elektroni aliyemchukua. Oksijeni huachia na kuondoka, na elektroni aliyezaliwa pamoja na tundu hubaki bila mwenza, akiendelea kubeba mkondo kwa muda mrefu. Ndiyo maana unapata ongezeko kubwa namna hiyo kutoka chembe chache. Ukizima taa, mkondo hauwezi kushuka hadi oksijeni irudi kujishikiza, na hiyo ni kazi ya sekunde nyingi au dakika. Molekuli za maji nazo hushindania uso huo huo na kubadili mwendo huo, kwa hiyo mvua imekuonyesha jambo la kweli.

Fanya hivi: weka kioo ndani ya chupa yenye mdomo mpana pamoja na punje za silika zilizokaushwa, toboa kifuniko upitishe nyaya, uzibe, upime kushuka kwa mkondo baada ya saa moja. Kisha ondoa silika, weka pamba yenye maji, upime tena kwa taa ile ile na umbali ule ule. Ukipata fursa ya argoni hata kwa nusu saa, ipitishe ndani ya chupa hiyo hiyo kabla ya kuzima taa. Kama oksijeni ndiyo inayoutawala mwendo, mkondo utashuka polepole zaidi kuliko hizo dakika nne. Chora mistari yote mitatu kwenye grafu moja, na uilete hapa.